Furaha Aliyeuliza juu ya Mensa

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha Kilatini hapa Bunia, niliandika ubaoni neno moja: mensa. Nyiye vijana mutacheka, lakini siye wote tulianzia pale. Mensa, meza ikifanya kazi. Mensam, ikifanyiwa kazi. Mensae, kitu ya meza. Jina inabadilisha mukia kufuata kazi yake. Tuliita hiyo déclinaison. Darasa iliimba, miye nikapiga fimbo juu ya pupitre, meza ya mualimu.

Asubuhi ile Prefe, mukubwa wa masomo, alikuwa amenionya. "Mualimu, Kiswahili inabaki inje, humu ni Kifaransa tu. Usipochunga hiyo, weye njo utatoka."

Chombo ya kuchunga iliitwa symbole: kibao na kamba. Mwenye kusema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amukamatishe mwenzake mwenye kuisema pia.

Mwaka wa pili, Furaha, musichana aliyepita wote kwa akili, alinyoosha mukono. "Mualimu, hiyo mensa, haiko meza yetu ya nyumbani?"

Nilimuvalisha kibao kwa ile neno meza. Nikajitia ujuaji, nikasema Kilatini haina undugu na lugha ya soko. Wenzake walicheka sana. Alikivaa siku tatu, sababu alikataa kukamatisha mutu. Siku ya ine hakuja. Mama yake alikuja kuniomba arudishwe bila kibao. Nilisema hapana. Ile hapana inaniuma mpaka leo, na sina wa kulaumu.

Kisha nikatumwa Ariwara. Kule Inspekteri alisikiliza somo langu, akaniita pembeni.

"Unafundisha mensa kama maiti," akasema. "Haikukufa. Wareno waliifanya mesa, wakaileta na mashua mpaka pwani, ikakuwa meza. Wafaransa njo waliitupa. Table yao inatoka kwa neno ingine, tabula."

Mutoto alikuwa amesema kweli, na miye nilimufukuza shuleni.

Nilifundisha miaka mingi tena bila kusema kitu. Haya ilinifunga kinywa.

Sasa niko mupensheni, nilisharudi hapa Bunia. Mwezi uliopita nilimufuata Furaha sokoni, anauza vitenge. Nilimuelezea yote, Wareno na mesa yao, nikamuomba musamaha. Alinipa kiti.

"Ilishaisha, papa mualimu," akasema.

Mujukuu wake alikuwa amekaa karibu yake. Nilimusalimia, nikamuuliza jina. Aliniangalia tu, kisha akamuangalia nyanya yake.

"Hasikiake Kiswahili," Furaha akasema. "Nilikataza ile lugha mu nyumba yangu. Sikutaka hata mumoja wao apate haya niliyopata miye."