Ndoa Iliyopigwa Picha Uani Kwangu

Baba yangu alizaliwa Mnyuzi, katika kambi ya wakata mkonge, kwa wazazi waliotoka mbali kuja kufanya kazi katika shamba lisilo lao. Mama yangu alikuwa Mzigua, mzaliwa wa Handeni, binti wa mkulima wa mahindi. Majina yao unayajua, mjukuu wangu. Usiyaandike hapa, wala usiandike jina la mtu mwingine yeyote katika maelezo haya. Mimi nilizaliwa huku kwa mama, sikupelekwa shule, na ndiyo sababu kalamu iko mkononi mwako. Kupanga maneno, hata hivyo, nilifundishwa na mama, ambaye hakumruhusu mtoto kusimama kusema mbele ya watu kabla hajajua atamalizia wapi. Andika kama ninavyosema. Usinipambie.

Ninataka haya yaandikwe kwa sababu huko Makuyuni wanasema kwamba mama yako mdogo, mtoto wangu wa mwisho, alikataa kuolewa kwa kuwa amezoea waume wa kwenye filamu. Huo ni uongo, na waliouanzisha walikuwa wameketi juu ya mkeka wangu siku jambo lenyewe lilipotokea.

Kazi ya mama yako mdogo ni kuigiza. Alipoianza nilimkemea, alipoendelea nikanyamaza, na nilipoona anaifanya kwa adabu na uchovu kama mtu anayetoka kulima, nikaiheshimu. Katika filamu hizo ameolewa na wanaume ambao idadi yao siijui. Amekuwa mke mwenza, amekuwa hawara wa tajiri, amemlilia mume aliyekufa kisha mume huyo akaonekana filamu nyingine akiwa mzima na mke mwingine. Watu wanayatazama hayo wakijua ni mchezo, lakini wakishatoka katika banda la video wanayachukulia kuwa habari za jirani.

Siku moja sokoni Korogwe mwanamke mmoja muuza nyanya alinizuia njiani.

"Mama, shikamoo. Samahani, yule binti yako amemtendea vibaya sana yule kijana. Mwanaume anamjengea nyumba, yeye anatoroka na dereva?"

"Marahaba. Dereva yupi?"

"Yule wa kwenye filamu, mama."

"Basi kamwambie yule wa kwenye filamu ajenge nyumba nyingine."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, alinipimia nyanya kwa uso uliokunjamana, kana kwamba nimeitetea dhambi.

Mwanamume wa kweli wa mama yako mdogo alikuwa mmoja tu. Alikuwa seremala mjini Korogwe, na kwao ni Makuyuni. Alimfahamu kabla sura yake haijaanza kubandikwa kwenye kuta za mabanda ya video. Alikuja kwangu akanisalimu kama inavyotakiwa, akanitengenezea mlango wa jiko bila kuombwa, na ukoo wake ukaleta posa ikapokelewa. Mama yako mdogo alimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaosema hakumpenda hawakumwona alivyokuwa akiketi kizingitini kumsubiri, yeye ambaye watu wa mjini humsubiri.

Katika kipindi hicho cha uchumba ndipo mwongozaji wa filamu alipokuja Handeni. Alitaka harusi ya kijijini, akataka ua wangu, na akataka wazee wa kweli badala ya vijana waliopakwa unga ndevuni. Akamwona shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa na ndevu nyeupe na kanzu iliyomkaa vizuri. Akamwomba awe baba wa bibi harusi, amwoze binti kwa kauli yake mwenyewe. Shemeji yangu alifurahi kama mtoto. Hapakuwa na aliyewaza kwamba, kwa kuwa mume wangu amefariki, mzee huyu ndiye walii hasa wa binti huyu, yaani ndiye mwenye haki ya kumwoza katika dini. Ndiye aliyemwoza mama yako, mjukuu wangu, na ndiye aliyemwoza mama yako mkubwa.

Wakapanga mikeka. Majirani wakavaa kanzu wakaketi kama mashahidi. Bwana harusi alikuwa mwigizaji kutoka Dar es Salaam, kijana wa maneno mengi, mwenye mke na watoto kwake. Shemeji yangu alifundishwa jina la bibi harusi wa filamu na la baba yake wa filamu, na kila alipofika kwenye majina hayo alijikwaa. Mwongozaji akawa anawarudisha mwanzo. Jua likazidi, mzee akachoka, na mtu akichoka hurudi kwenye jambo alilolizoea. Akamshika mkono yule kijana, akayatamka maneno ya kuoza moja kwa moja bila kusita, kama alivyoyatamka kwa dada wawili wa mama yako mdogo. Na jina alilolitaja lilikuwa jina la kuzaliwa la mama yako mdogo, binti wa marehemu mume wangu. Kijana akajibu kwamba amekubali.

Mama yako mdogo aliinua shela, akanitazama, kisha akamwambia mwongozaji, "Ametaja jina langu. Turudie."

"Hapana, hapana! Hiyo ndiyo yenyewe! Mzee ametisha!"

"Nimesema ametaja jina langu la kweli."

"Dada, nani anakujua kwa jina hilo? Mashabiki wanakujua kwa lile la filamu. Na jua linazama. Tunaingia chumbani, tumalize."

Chumba chenyewe kilikuwa changu, na kitanda changu. Mnaotazama mnaona maharusi wanaingia, mlango unafungwa, taa inazimika. Ndani ya mlango huo walikuwamo mshika kamera, mshika taa, msichana wa kupaka poda, mwongozaji, na mimi niliyesimama kando ya kabati, kwa sababu nilikuwa nimesema kwamba bila mimi kuwamo, hakuna atakayeingia. Mlango ulipofungwa, bwana harusi alipiga chafya, akaomba maji ya kunywa. Harusi yao iliishia hapo.

Filamu ilipotoka, Korogwe nzima iliitazama. Watu wa Makuyuni wakalisikia jina, na wakajua ni la nani, maana ndilo walilokuwa wamelitaja wao wenyewe walipoleta posa. Kisha wakaja: seremala mwenyewe, baba yake mkubwa, na shangazi zake wawili, wakiwa na mwalimu wa madrasa wa kwao. Shemeji yangu aliketi kona, ameinamisha kichwa. Mama yako mdogo alileta chai, akaketi nyuma yangu.

Shangazi mkubwa ndiye aliyeanza. "Mama, sisi hatukuja kwa ugomvi. Tunauliza tu. Tunamwoa binti, au tunamwoa mke wa mtu?"

"Mke wa nani?"

"Walii wake kamwoza. Mashahidi walikuwapo. Mwanaume kakubali. Ndoa haina mzaha, mama."

Nilimgeukia mwalimu. Alikuwa mtu mpole. Akasema kwamba yeye asingeihesabu ndoa ile, kwa kuwa kila aliyekuwapo aliletwa kuigiza na alijua anaigiza. Hata hivyo, alisema, kama mioyo haijatulia, yule kijana apigiwe simu atamke talaka, ili pasibaki neno. Shemeji yangu akaomba ampigie yeye. Sauti ya kijana ikasikika sebuleni, na nyuma yake watu wanacheka.

"Mzee! Baba mkwe! Shikamoo!"

"Marahaba. Mwanangu, nakuomba umwache binti yangu."

"Nimwache? Mzee, unaniachisha mke ambaye hata ubwabwa wake sijaula?"

"Mwanangu, tafadhali. Nipo mbele za watu."

"Haya, mzee, usilie. Nimemwacha. Kama mnataka zote tatu, zote tatu. Msalimieni mke wangu."

Kicheko kikakatika pamoja na simu. Mzee yule aliyekuwa akisikilizwa Handeni nzima alikuwa amechezewa kama kinyago, na hakuna hata mmoja wa wageni wangu aliyeinamisha macho kwa ajili yake. Nilidhani yameisha. Shangazi mkubwa akaweka kikombe chini.

"Vizuri. Sasa tuna mwanamke aliyeachika. Kwanza akae eda. Na mambo ya mahari yazungumzwe upya, maana si mwari tena."

Mwalimu akamwambia kwamba mwanamke ambaye hakukaa faragha na mume hana eda.

"Faragha ilikuwapo, mwalimu. Tumeona wenyewe. Wameingia chumbani, mlango umefungwa."

Hapo nilisimama. Nilimwambia kwamba chumba alichokiona ni changu, na kwamba kabla hajasema neno jingine aingie akakikague, amwulize mwenye kitanda nani alikuwamo. Nilimtajia wote, mpaka msichana wa poda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa upole ambao sitausahau: "Mama, wewe ni mzazi. Mzazi lazima aseme hivyo. Sisi tunasema tulichokiona."

Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mimi niliyekuwamo chumbani niliambiwa sijui, na yeye aliyeketi kwenye benchi Korogwe akila karanga aliambiwa na nafsi yake kwamba amekuwa shahidi.

Mama yako mdogo hakujibizana na shangazi. Alitoka nyuma yangu, akapiga goti mbele ya seremala, si kwa kuomba bali kwa heshima ya watu waliokuwapo.

"Wewe unanijua tangu sijavaa shela ya mtu yeyote. Siku ile ile nilikusimulia kila kitu, ukacheka. Sasa waambie hapa. Unaamini nilikuwa na yule mwanaume, au huamini?"

Wote tukamtazama. Yeye aliitazama kofia yake, akaizungusha magotini.

"Mimi nawasikiliza wazee," akasema.

"Sikukuuliza wazee. Nimekuuliza wewe."

"Nawasikiliza wazee."

Mama yako mdogo akaivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye sinia, kando ya vikombe. "Basi mimi pia umenisikiliza," akasema. "Katika filamu nimeachwa na wanaume wengi, na kila mmoja angalau alipewa maneno ya kusema."

Baba mkubwa akaanza kusema kwamba vijana wana haraka, kwamba mambo huzungumzwa. Nilimwambia ainuke. Niliwaambia wote wainuke. Huo ukali ni wangu, mama yako mdogo hakuniagiza. Na wakitaka kusema nani aliwafukuza, waseme mimi.

Bado anaigiza. Juzi ameolewa tena, na mzee mwenye mashamba ya chai, huko Dindira. Nilisikia wanawake wakimshangilia. Seremala naye husimama Korogwe akiniona, husema shikamoo kwa sauti ya chini, kisha huuliza hali ya mtu wa nyumbani. Ninaitikia salamu, kwa kuwa salamu ni haki yake. Swali silijibu. Angeweza kulijibu mwenyewe siku ile, kwa neno moja, na leo angekuwa anamkuta mtu huyo mezani kwake. Mama yako mdogo bado hajaacha kumpenda. Mimi ndiye ninayemjua, na ndiyo maana hasira yangu haijapoa.

Sasa sikiliza cha kutunza. Jibu la shangazi uliache lilivyo, pamoja na upole wake, usilifanye kali ili yeye aonekane mbaya zaidi. Aibu ya shemeji yangu kwenye simu usiifute kwa kumwonea huruma, atakayesoma aijue. Swali la mama yako mdogo uliandike lote, na mahali alipopiga goti pasisahaulike. Maneno ya yule seremala nayo yatunze. Ni machache, hayatakuchosha. Ukimaliza, nisomee kuanzia pale watu wa Makuyuni walipoingia.