Jalada la Kuwashia Mkaa

Juzi, karibu na mpaka wa Goma, muuzaji alinifungia karanga kwa ukurasa wa kitabu, na hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa akikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale Rubona. Nilikaa kando ya karai, nikinuka samaki na moshi, nikisoma maisha ya mwandishi nisiyemjua katika kitabu kikuukuu ambacho Mama alikichana kurasa za kufungia. Nilipofika pale baba wa mwandishi alipokaribia kutupa daftari la mwanawe motoni, Mama akauchana ukurasa huo, akamfungia mteja sambaza.

"Mama, unamuua!" nilipiga kelele.

"Nyamaza, we mutoto! Hii iko karatasi tu."

Niliamini kila mteja anaondoka na kipande cha mtu. Leo najua nakala nyingine zipo madukani. Lakini niulizie kitabu cha nani? Jalada lenye jina lake, Mama alilitumia kuwashia mkaa.