Siku Baba Aliposema Ataniuza

Majuzi, saluni, nilisikia vijana wakibishana ni mchezaji gani aliyeuzwa mapema mno, nikajikuta nimekunja vidole vya miguu.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa fundi cherehani ugenini, katika mtaa wa Jeppestown, na duka lake lilinuka mafuta ya mashine na nguo zilizopigwa pasi. Mchana ule nilikuwa nikipiga mpira ukutani huku yeye na rafiki yake, Papa Kasongo, wakibishana juu ya wachezaji wa zamani wa Lubumbashi, mji tuliotoka.

“Yule walimuuza akiwa bado mtoto,” Papa Kasongo alisema. “Hakurudi tena.”

“Walifanya vizuri,” Baba akajibu, kisha akanitazama. “Hata huyu wangu, akiendelea kupiga hivi, namuuza.”

Wakacheka. Leo najua mchezaji huuzwa kwa timu nyingine. Siku ile nilijua tu kwamba kilichouzwa pale dukani kilitiwa kwenye mfuko kikaondoka na mgeni.

Nilijipenyeza nyuma ya marobota ya vitambaa, nikabaki humo hadi nikamsikia Baba akiniita barabarani kwa sauti ya kutetemeka.

Aliponipata nilimwambia, “Baba, mimi sijui mpira. Muulize mtu yeyote.”

Alinikumbatia bila kuelewa. Sikumweleza, nisije nikamkumbusha.