D ya Hesabu za Dawa

Pale wodi ya watoto walimwita Sista Taratibu, kwa vile hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, mama wa watoto wawili, umri unagonga arobaini. Alitandika vitanda, aliogesha wagonjwa, alibembeleza watoto walioogopa sindano. Mwaka ule alijipa moyo, akajiunga na chuo ili awe muuguzi kamili. Alisoma jioni, akitoka zamu.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, alikuwa amepita masomo yote isipokuwa moja. Hesabu za dawa: D.

Wenzake walimwambia atarudia tu, mbona ni jambo la kawaida. Lakini wenzake hawakuwa na baba yule. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na somo alilolifundisha maisha yake yote ni hilohilo la hesabu. Mama mtu naye hakuwa mteremko. Enzi za shule, binti akirudi na ripoti ameshika nafasi ya pili, mama aliuliza, "Huyo wa kwanza ana vichwa viwili?"

Jumapili alikwenda kwao, ameazimia kusema. Alipofika akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akafagia ua. Akapanga viatu mlangoni, akavipangua, akavipanga tena. Mwishowe akachota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaketi kwenye kigoda mbele ya baba yake ili amkate kucha za miguu, maana mgongo wa mzee ulikuwa haumruhusu tena kuinama.

Alipofika kidole cha tatu ndipo alipopata ujasiri, macho yakiwa palepale kwenye kucha.

"Baba, nimefeli somo moja."

Mguu ukakakamaa mkononi mwake.

"Lipi?"

"Hesabu za dawa. Nimepata D."

Mama, aliyekuwa kwenye kochi akikunja nguo, akaliacha shati magotini. "Hesabu? Katika nyumba hii?"

"Malizia kucha," mzee akasema.

Akamalizia. Alipokuwa akimfuta miguu kwa taulo, mzee akakohoa kidogo. "Haya. Mtoto ana kilo kumi na mbili. Dawa ni miligramu kumi kwa kila kilo. Utampa ngapi?"

Wodini swali hilo angelijibu huku anatandika kitanda. Hapa namba zilimruka kichwani kama panzi. Machozi yakamtoka, mwanamke mzima mwenye watoto wake.

"Unaona, baba? Ndivyo inavyokuwa. Nikiukalia mtihani nakusikia umesimama nyuma yangu. 'Haraka! Haraka! Umelala?'"

Mzee akamgeukia mkewe, kana kwamba anatafuta shahidi wa kumtetea. "Nilikuwa mkali kiasi hicho?"

"Wewe?" mama akasema. "Watoto wa jirani walijua jedwali la kuzidisha kwa saba kwa kukusikia tu ukiwafokea hawa wako."

Mzee alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akainama kadiri mgongo ulivyomkubalia, akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake.

"Basi, mama. Usilie. Tutaanza upya, na safari hii nitanong'ona."

Akanong'ona kweli, ingawa haikuwa rahisi. Kila siku binti asipokuwa na zamu, walikaa mezani wawili hao. Sauti ya mzee ikianza kupanda, jikoni mama alikohoa, nayo ikashuka. Siku moja binti alikosea swali lilelile mara tatu mfululizo. Mzee akasimama, akatoka nje, akaizunguka nyumba, akarudi akaketi. "Haya, mama. Turudie."

Aliporudia mtihani, alipata C. Mzee aliitazama kwenye simu ya binti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa wazi kwamba swali kuhusu B lilikuwa limemkaa kooni. Akalimeza.

"Hongera, mama," akasema.

Mama wakati huo alikuwa ameshampigia simu shangazi mtu.

"Wifi, amefaulu! ... Ngapi? Wewe nawe! Si nimekwambia amefaulu?"