Nusu Kikombe cha Fauziya

Kwa miaka ishirini na sita Fauziya aliuza chai mpakani Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori, na hakuna mteja aliyewahi kuonja chai yake kabla yeye mwenyewe hajainywa. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Mpakani watu hawajuani, na asiyekujua huogopa kutiliwa kitu. Basi birika likitoka motoni, mwenye chai hujimiminia nusu kikombe, akainywa yote mbele ya macho ya watu, ndipo akawagawia.

Desturi nzuri, ya enzi ambazo kuaminiwa kulikuwa na maana. Lakini enzi hizo sukari ilinunuliwa kwa vijiko, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti, na chai ilipikwa siku ya mgeni. Siku nyingine watu walikunywa uji wa wimbi wenye ukwaju na kusugua meno kwa kijiti, na wazee walivunja mifupa kwa magego yao. Siku hizi sukari inapita hapa malori kwa malori, na vijana wanacheka wakiwa wamefunika midomo.

Birika la Fauziya lilitiwa sukari likiwa bado motoni, vikombe viwili vilivyojaa hadi ukingoni. Kwa siku alipika mabirika kumi na mawili, na foleni ikiwa ndefu, kumi na matano.

Mwaka jana ufizi wake wa kushoto ulivimba, gego likaanza kucheza. Kisha ikaja kiu isiyoisha, na safari za chooni zisizo na hesabu. Dalili hizo alizijua. Kaka yake Nasrudin alianza vivyo hivyo, na sasa anashinda mlangoni kwake Masaba, mguu mmoja umekatwa. Fauziya hakumwambia mtu. Aling'ata karafuu, akahamishia chakula upande wa kulia, akaendelea kupika.

Aliposhindwa kutafuna hata ndizi, bintiye Zainah alimpeleka Tororo kwa Benedeta, mzaliwa wa Kirewa, anayetibu meno katika zahanati ndogo. Benedeta alimchungulia kinywa, akamchoma kidole, akatazama kipimo, kisha akaweka koleo chini.

"Mama, leo sing'oi."

"Mbona? Nimetoka Busia nije kuangaliwa tu?"

"Sukari iko juu sana kwenye damu. Nikitoa hilo jino sasa, shimo linaweza kukataa kupona. Hiyo sukari inaozesha meno mdomoni, na ikijaa kwenye damu inazuia ufizi kupona."

Fauziya alitazama miguu yake. "Watanikata?"

"Hatujafika huko. Unakunywa vikombe vingapi vya chai?"

"Viwili. Asubuhi kimoja, jioni kimoja."

Zainah aliguna. "Mama! Na zile nusu nusu?"

"Zile si kunywa. Zile ni kazi."

Wala hakuwa anadanganya. Katika miaka ishirini na sita haikumpitia kichwani kwamba chai ya kazi nayo huingia tumboni. Benedeta alipoelezwa, alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia.

"Ufizi umewahi kutulia?"

"Ramadhani. Mchana nilifunga kibanda. Nikasema ni baraka za mwezi."

"Baraka zilikuwepo, mama. Birika ndilo halikuwepo."

Alipewa vidonge na kuambiwa arudi baada ya wiki nne. Njiani Zainah alijitolea kuonja kwa niaba yake.

"Nikuhamishie wewe ugonjwa?" Fauziya alimkatiza. "Na nikiacha kuonja, watauliza leo kuna nini ndani."

Kesho yake alipika chai bila sukari hata chembe. Sukari aliiweka mezani, kwenye mkebe wenye kifuniko na kijiko kidogo. Akajimiminia nusu kikombe, akainywa yote, uso ukakunjamana.

"Mama Zainah," alisema Ojangole, mpakiaji mizigo asiye na meno ya mbele, "leo umetupikia dawa ya minyoo?"

"Sukari hiyo hapo. Mikono unayo."

"Nijitilie mwenyewe kama mtu asiye na mke?"

"Mke unaye, ulichokosa ni meno. Tia kidogo."

Kibanda kizima kilicheka. Lakini Ojangole aliinua kijiko, akakitazama. "Na hii ya mkebe, nani ameionja?"

Hilo Fauziya hakulifikiria. Watu wawili waliweka vikombe chini. Ojangole akawatazama, akamtazama na yeye, mwanamke aliyemnywesha chai tangu alipokuwa kijana, akakilamba kijiko chote.

"Haya, nimeonja mimi. Nikianguka, mjue ni hiyo sukari."

Vikombe vikainuliwa tena.

Wiki nne zilipita. Benedeta alimchoma kidole, akasubiri, akatabasamu kabla ya kusema lolote.

"Imeshuka, mama. Vidonge usiache, na mkebe ubaki palepale. Fungua mdomo."

Gego lilitoka kwa urahisi. Wiki iliyofuata alirudi, Benedeta akakuta shimo linaziba vizuri, ufizi umerudia rangi yake ya kawaida. Fauziya akavua viatu bila kuambiwa, akaweka miguu juu ya kiti.

"Hii je?"

Benedeta aliikagua, nyayo na kila kidole. "Mizima yote miwili. Nenda nayo nyumbani."

Walipokuwa wakisubiri gari la kurudi Busia, Fauziya alinunua karanga za kukaanga. Akatia chache mdomoni, akasita, kisha akazitafuna taratibu kwa upande wa kushoto.