Anaposti, Hasomi

Hivi wewe, kwenye group yenu ya biashara, mara ya mwisho ulisoma ujumbe wa mwenzako lini?

Juzi nilikuwa Malaba, natoa fotokopi ya digrii yangu isiyotakiwa na mtu. Mama mmoja kutoka Paya, upande wa Uganda, ambaye lori lake la nyanya lilikuwa limekwama mpakani, akamsogezea simu wakala wa forodha mwenye tai.

“Ssebo, bwana, tangu asubuhi nauliza kwa group, nani anaweza kunitolea nyanya? Hakuna mtu najibu. Picha yako tu ndio inajaa.”

Kweli, poster za wakala huyo zilikuwa zimelizika swali: mikono kifuani, “CEO, fast clearing, DM me.”

“Pole mathe, hiyo group niliimyuti kitambo,” akajibu, kidole bado kinaposti. “Huwa naingia tu kupush brand.”

“Basi baki na brand.” Mama akavuka barabara, akaingia kwa wakala mwingine.

Shenzi! Mteja yuko mbele ya pua, yeye anamsaka mtandaoni. Na mimi nilitolewa kwenye group hiyo hiyo kwa kuomba kazi, eti naleta spam.

Nyinyi ma-admin, asiyejibu maswali ya wenzake asiposti sura yake. Mtoeni leo, kama mlivyonitoa mimi!