Miaka Miwili Niliyomkata Mjukuu Wangu

Ulikuwa mwaka ule wa kukosa mayai. Homa iliingia kwenye mashamba ya kuku na bata mzinga huku Minnesota, ndege wakafukiwa kwa matingatinga, na watu wa kanisa letu kule Brooklyn Center waliozoea kukaanga mayai kabla ya kukimbilia basi wakarudia ugali wa jana. Sisi wa Columbia Heights tulikula sombe ya friji, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wakavu wa duka la Waafrika, leo na kesho na keshokutwa, mpaka wajukuu wangu wadogo wakasema nyumba inanuka ziwa. Mkubwa wao hakulalamika. Alimaliza sahani yake, akamaliza na walizoacha wadogo, akainamisha kichwa kupita mlangoni, akaenda zake mazoezini.

Huyo mkubwa ndiye ninayemwandika. Nitasema bila kuona haya: alikuwa mzuri kupita watoto wote wa jengo letu. Mita mbili na kidogo, mabega kama fremu ya mlango, na miguu ambayo ukiitazama unajua haikuumbwa kwa ajili ya kukaa kwenye kiti. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alifia njiani tukikimbia kutoka Uvira, kule Congo. Baba yake sisemi. Nilimbeba mimi mgongoni, nikamtafunia chakula mdomoni mwangu. Nyumbani aliniita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Ofisini aliniita Mama, kwa sababu makaratasi yalisema hivyo.

Shuleni alicheza basketi. Kocha wake alikuwa na rafiki Mwaustralia, na huyo rafiki na wenzake walikutana kila Jumamosi bustanini kucheza mpira wa kwao. Nilikwenda mara moja kutazama. Mpira wenyewe umekaa kama papai. Mtu anaupiga juu, wanaume watano wanaufuata, mmoja anapanda mgongo wa mwenzake kwa goti, anaudaka kule angani, na aliyepandwa hakasiriki.

Nikamwuliza mjukuu wangu, "Hawa wanacheza au wanagombana?"

"Wanacheza, Koko. Kule kwao watu wanalipwa kwa hii."

"Kuvunjwa mgongo?"

Akacheka. Halafu akaingia uwanjani, akaruka, akaudaka ule mpira juu ya vichwa vyote, na wale wazungu wakanyamaza kidogo kabla ya kupiga kelele. Niliona kimya kile. Nikajua mtoto amekwisha kuonekana.

Mwezi wa sita akaja mtu kutoka Australia kwenyewe. Kazi yake ni kuzunguka Amerika kutafuta vijana warefu wa basketi wanaoweza kufundishwa ule mchezo, kisha anapeleka ripoti kwa timu za kule. Timu zina siku yao mwishoni mwa mwaka, zinachagua vijana zamu kwa zamu, na asiyeandikwa kwenye orodha hachaguliwi. Ndivyo nilivyoelezwa na dada mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, nesi wa hospitali kule Maplewood, aliyekuja kunitafsiria.

"Mama, huyu mzee ame-travel mbali sana," aliniambia tukikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa shule. "Na anasema kijana wako ndiye number one kwa list yake. Chapati zako utazikulia Melbourne!"

"Mimi sili chapati."

"Haya, basi fufu yako."

Vijana walikuwa wanane. Yule mzee alikuwa mwembamba, masikio mekundu, kalamu nyuma ya sikio moja. Aliwapima urefu wamesimama, akawapima wamekaa juu ya kisanduku, akanyoosha mikono yao ukutani na kupima kutoka ncha hadi ncha. Akapima viganja. Akawarukisha juu wakapige vijiti vilivyopangwa kwenye mlingoti, akawakimbiza huku na huku kwa kengele inayozidi kuharakisha mpaka mmoja mmoja akaanguka. Kijana mmoja alitapika kwenye pipa. Wangu alibaki peke yake anakimbia, kengele inamlilia yeye tu, na mimi nikasimama juu ya benchi na viatu vyangu nikapiga vigelegele vya kwetu. Wakageuka wote. Wageuke. Mtoto ni wangu.

Lakini nilikuwa ninamtazama mzee. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na mimi niliacha shule darasa la tatu nikamshikia kamba. Ninajua macho ya mtu anayetazama asichotaka kuonyesha kwamba anakitaka. Baba hakuamini urefu wala manyoya. Alifungua mdomo wa mbuzi, akasoma meno, akajua miaka. Mwenye mbuzi aseme atakavyo.

Yule mzee hakumfungua mjukuu wangu mdomo. Angefungua, angeyakuta magego ya mwisho yamekwisha kuota yote, kwa sababu mwaka uliotangulia mtoto alilia nayo wiki nzima na nilimpa karafuu aume.

Mzee akaja kwetu akifuta kalamu kwenye suruali, akasema maneno mengi. Nesi akatafsiri huku anatabasamu: "Anasema kwa kijana wa miaka kumi na saba hajawahi kuona mwili kama huu. Anasema bado atarefuka, bado ataongeza nguvu. Timu zitamtaka kwa sababu ya hiyo miaka iliyobaki."

Nilikuwa na kipande cha muhogo mdomoni. Nikakitemea kiganjani.

Hakuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa na kumi na tisa.

Niseme ilivyokuwa. Kambini kule Kigoma, siku ya kuandikishwa kwa ajili ya Amerika, watu walisema mjukuu asiye na wazazi anafunguliwa faili lake peke yake, na faili la peke yake linaweza kwenda Kanada wakati wewe unakwenda kwingine, au linaweza kubaki. Kwa hiyo nilimwandikisha kuwa mtoto wangu wa tumbo. Tatizo likawa moja. Nilikuwa na kitindamimba wangu wa kweli, na yeye na mjukuu walizaliwa mwaka mmoja, wamepishana miezi minne. Mimi na binti yangu tulibeba mimba pamoja, watu walitucheka kisimani. Na karani hawezi kuandika kwamba mwanamke mmoja amezaa mara mbili ndani ya miezi minne. Wote wawili walikuwa na miaka tisa. Nikasimama kwenye foleni nikiwatazama, yupi nimkate miaka. Mjukuu alikuwa amekonda, alionekana mdogo. Nikainua mkono wa kuume, nikaapa mbele ya Mungu na karani: huyu ana tisa, huyu ana saba.

Miezi saba baadaye kitindamimba wangu alikufa kwa malaria. Miaka ile miwili niliikata ili kumpisha yeye, na yeye hakupanda ndege.

Baada ya hapo ningemwambia nani? Karatasi ilikuwa imekwisha kugongwa muhuri. Na mjukuu hakuwa na la kukumbuka. Kambini hakuna anayesherehekea siku ya kuzaliwa, na kwenye makaratasi yetu wote tulizaliwa tarehe mosi Januari.

Wiki ile ile mzee akaja nyumbani, pamoja na yule nesi. Binti yangu wa pili, mwenye wale watoto wadogo watatu, akapika sambusa. Mzee akala tano, nikampenda kwa hilo. Akauliza baba wa mtoto alikuwa na urefu gani. Nikasema mrefu. Akauliza magonjwa. Nikasema njaa. Nesi hakulitafsiri hilo. Halafu akatoa karatasi.

"Mama, hii ni ya kuzaliwa," nesi akasema. "Kwa vile hamkutoka Congo na birth certificate, timu zinataka mzazi aseme kwa kiapo tarehe ya kuzaliwa. Tunaenda pale benki kwa yule mwenye muhuri, una-raise mkono, una-sign, dakika tano tumerudi."

"Kuapa?"

"Eeh, kuapa tu."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameegemea friji, amevaa shati la kanisani, anajaribu kutotabasamu.

"Siapi, na mkono huu hauinuki."

Nesi akacheka. "Mama! Hata pastor aliapa akipata green card."

"Pastor ana mkono wake."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee aliuliza nimesema nini. Mjukuu wangu akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, bila kunitazama. Mzee akaweka sambusa ya sita chini. Akaongea na nesi kwa sauti ya chini, na nesi akageuka kwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anauliza, ni kumi na saba kweli?"

"Mwambie makaratasi yanasema kumi na saba."

Akamwambia. Mzee alinitazama kama baba yangu alivyowatazama wauza mbuzi. Akasema karatasi ataiacha, tunayo mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anafunga orodha. Akashukuru kwa chakula, akaondoka.

Mlango ulipofungwa mjukuu wangu alisema kwa Kiswahili kitupu, yeye ambaye miaka yote ya huku nilimwita kwa Kiswahili akaniitikia nusu kwa Kiingereza.

"Koko, niko na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Mwezi wa pili unaingia ishirini."

Nikamweleza yote kama nilivyoeleza hapa, foleni na karani na yule mwenzake aliyelala kambini. Alikaa sakafuni, magoti yakafika masikioni. Niliona vidole vyake vinahesabu, na nilijua anahesabu nini. Huku wanawapanga watoto kwa umri, darasani na uwanjani. Medali zilizoning'inia juu ya televisheni yetu, vikombe, lile gazeti la mtaa lililomwandika, vyote vilisema alikuwa wa kwanza kati ya watoto wa umri wake.

"Kwa hiyo nilikuwa ninashinda watoto," alisema.

Ningeweza kumdanganya. Nimezoea. "Ndiyo. Walikuwa wadogo kwako. Lakini kuruka uliruka mwenyewe, mimi sikukushika makwapa."

Hakucheka. "Basi apa. Si uliapa kwanza? Apa tena, ni uongo uleule."

Nikamwambia si uleule. Ule wa kwanza niliusema kwenye foleni ya watu waliokonda, hakuna aliyetujua. Huu ataubeba mbele ya televisheni. Mtu mrefu namna hii akichaguliwa, waandishi watakwenda kutafuta alikotoka. Watafika Uvira, watafika kambini, na atatokea mwanamke mmoja tu, mmoja anatosha, atakayesema huyu alibatizwa siku moja na mwanangu, na mwanangu ameoa. Siku hiyo hataitwa yeye peke yake. Mimi, mama yake mdogo, wale wadogo watatu, wote tumo ndani ya faili moja, na maombi yetu ya uraia yalikuwa mezani kwa watu ambao hawatakuuliza ulikuwa na njaa kiasi gani. Na kando ya hilo kulikuwa na Mungu. Mara ya kwanza nilimwapia, na mtoto niliyeapa kwa ajili yake akafa. Wasomi wanieleze watakavyo. Nilimzika mimi.

"Hizo ni hofu zako," alisema.

"Ni zangu. Na faili ni letu."

Akaacha kula nyumbani. Sombe ilikaa kwenye sufuria mpaka wadogo wakaimaliza. Akaacha mazoezi ya Jumamosi, akaandikishwa kazi ya ghala, kupanga maboksi, kazi ambayo mtu mrefu hahitaji ngazi. Medali alizishusha mwenyewe akazitia kwenye mfuko mweusi wa takataka. Nilizitoa. Akazirudisha. Tulifanya hivyo mara tatu, halafu lori la taka likapita.

Siku ya mwisho wa mwezi nilikuwa nikichagua maharage mezani. Aliingia asubuhi na sare ya ghala, na ile karatasi, haijakunjwa hata pembe. Chini kwenye maegesho gari la nesi lilikuwa linanguruma. Binti yangu alikuwa kwenye sinki.

"Mzee amepiga simu," mjukuu wangu alisema. "Mpaka saa sita. Benki iko wazi."

Niliendelea kuchagua maharage.

"Kwenye makaratasi wewe ni mama yangu," alisema. "Miaka kumi nimekuita Mama mbele ya wazungu, hata siku nilipokuwa sitaki. Leo naomba uwe mama. Leo tu."

Binti yangu akafunga bomba. "Mama, mtoto anapiga magoti."

Kweli alikuwa amepiga magoti, na hata hivyo macho yetu yalikuwa sawa. Nikaona ndevu zimeanza kumjaa kidevuni, ndevu za mwanaume mzima ambazo mzee yule angeziona kama angesogea karibu. Nikaona alivyo mzuri.

"Utamuua," binti yangu alisema. "Umemkata miaka, sasa unamkata na miguu."

"Wako watatu wamelala chumba kile. Nenda ukawatazame, halafu urudi uniambie tena."

Hakwenda. Alisimama pale, maji yanamdondoka mikononi. Chini nesi akapiga honi mara moja, kwa adabu.

"Koko," alisema mjukuu wangu, na akaniwekea kalamu kwenye kiganja, akavikunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

Nikaiweka kalamu juu ya maharage.

"Siapi, na mkono huu hauinuki."